Salamu za Marcellin

— Soma tena hapo.

Léocadie alirudisha macho kwenye barua ya kaka yake. Hakutaka kusoma tena, lakini mama yake alikuwa ameinama mbele kwenye kigoda, mikono magotini, akingoja.

— "Na mumusalimie shangazi Marguerite kule Kabambare," akasoma. "Mumwambie kile kitambaa aliniomba nimekiona dukani. Nitamuletea nikikuja."

Shangazi Marguerite alizikwa Kabambare mwezi wa kwanza, na sasa ulikuwa mwezi wa saba. Léocadie mwenyewe ndiye aliyemwandikia kaka yake Marcellin habari ile, tena mara mbili, akapeleka posta ya Kasongo kwa miguu yake.

— Labda mikanda yenu, zile barua, haikufika, alisema Hippolyte.

Hippolyte ndiye aliyeileta barua hiyo. Alikuwa amefika jana yake kutoka Elisabethville, gari-moshi mpaka Samba na kamio, lori la mizigo, mpaka mjini, amevaa suruali yenye mstari wa pasi na viatu vya rangi mbili. Yeye na Marcellin walitoka Kasongo siku moja, miaka miwili nyuma, kwenda kucheza basket katika timu ya kampuni moja kule Katanga. Pale nyumbani alihesabiwa kama mtoto wa pili.

— Mikanda mbili zote zipotee? Léocadie aliuliza.

— Posta ni posta, mudogo wangu.

— Hata mwezi wa tatu alimusalimia. Na mwezi wa ine.

Mama yao, ambaye Kasongo yote ilimwita Mama Marcellin, alinyoosha mkono akaichukua karatasi. Hakujua kusoma. Aliipapasa kwa kidole gumba, mstari kwa mstari, mpaka chini.

— Anamusalimia kwa sababu anamuona, alisema.

Kikombe cha Hippolyte kiligonga meza, chai ikamwagikia suruali. Alisema ana watu wa kuwaona sokoni, akaaga, akasahau kofia yake kwenye kiti.

Mwaka ule wa 1957 vijana wa Kasongo walikuwa na homa ya basket. Furere mmoja, bruda wa misheni, alikuwa amesimamisha nguzo mbili kwenye uwanja wa udongo, mhunzi akafua duara mbili za chuma, na baada ya miaka michache wavulana wa pale wakawa wanazifunga timu za mbali. Ndipo kampuni zilipoanza kutuma watu. Kwenye karatasi walitafuta makarani. Ukweli walitafuta vijana warefu.

Na mrefu kuliko wote, tangu Marcellin aondoke, alikuwa Octave, karani wa duka la pamba, mchumba wa Léocadie.

Sehemu tatu zilimtaka Octave. Kampuni ya dhahabu upande wa Salamabila, ndani ya Kabambare kwao Léocadie, ilimtaka. Timu moja ya Bukavu ilimtaka. Na Hippolyte alikuja na karatasi ya Elisabethville.

Jumatatu, baada ya mazoezi, Léocadie alimkuta amekaa chini ya ubao anafungua kamba za viatu.

— Umeamua?

— Ningali ninafikiri.

— Salamabila wanakupa kazi kubwa kuliko wote. Na nyumba. Mama atakuwa karibu na watu wake.

— Na jioni nifanye nini Salamabila? Nihesabu mbuzi?

— Basi Bukavu.

— Bukavu iko baridi. Watu wanajifungia ndani mapema kama wagonjwa.

Akaacha viatu, akaanza kuongea kwa mikono, na Léocadie akayajua maneno yale kabla hayajatoka, maana yalikuwa ya Marcellin, kutoka kwenye zile barua ambazo Octave alikuwa akiomba asomewe mpaka akazishika kichwani.

— Maji inatoka ukutani, Léocadie. Siku ya posho unaenda sinema, ukitoka unakula samaki kwa yule mama wa Kongolo, halafu unaenda kusikiliza gitaa tatu kwa mara moja. Siku ya mechi watu wanaimba jina lako njiani. Ile avenue ya Marcellin ninaijua kuliko njia ya shamba yetu.

— Kumbe hauchague timu. Unachagua jioni.

Octave alicheka kidogo.

— Labda. Kucheza ni saa moja. Ile saa zingine zote mutu anaishi wapi?

— Na mimi?

— Mwaka moja tu. Wanachukua kwanza wavulana wasio na bibi, wanalala pamoja. Baada ya mwaka wanatoa nyumba ya wenye ndoa.

— Mahari ulishatoa. Padri anatangaza majina yetu mwezi kesho.

— Ninajua.

— Hujasaini, Octave?

— Sijasaini.

Alisema hivyo akiangalia duara la chuma juu, si uso wake.

Kesho yake saa sita mchana, Léocadie alikuwa anapita nyuma ya misheni na beseni la nguo kichwani. Saa ile ya kiangazi hakuna mtu anayetembea. Jua lilikuwa limebana kila kitu, hata mbwa walikuwa wamelala chini ya ukuta wa chapeli. Ndipo aliposikia mpira.

Du. Du. Du. Kisha kimya.

Kisha ubao ukalia, kama umepigwa.

Alisimama. Ilikuja tena: mara tatu chini, kimya kifupi, ubao. Aliutambua mdundo ule, kwa sababu katika vijana wote waliopita uwanja ule, mmoja tu ndiye aliyekuwa akidundisha mara tatu kabla ya kurusha, akishika pumzi. Alikuwa amemwona kaka yake akifanya hivyo toka utotoni.

Akazunguka ukuta. Uwanja ulikuwa mtupu. Duara la chuma lilikuwa linatetemeka.

Upande wa pili, chini ya kivuli chembamba cha ghala, Octave alikuwa amesimama na mkate wake wa mchana mkononi, haujaumwa hata kidogo.

— Umesikia? Léocadie aliuliza.

— Ninasikia tangu wiki tatu. Kila siku saa hii.

— Nani anacheza?

— Mupira iko ndani ya ghala. Furere alifunga leo asubuhi, akaenda Kabambare na ufunguo.

Walisogea pamoja mpaka kwenye mstari wa kurushia. Udongo ulikuwa umefagiliwa asubuhi na watoto wa shule. Juu yake kulikuwa na alama za duara, tatu, zilizokaribiana, tatu nyingine, tatu nyingine. Hapakuwa na alama ya mguu wowote.

Octave aliongea polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha mgonjwa.

— Nilifikiri niko na wazimu ya kutaka kuondoka. Sasa na wewe umesikia. Ananiita, Léocadie. Mutu akiwa na kiu ya rafiki yake, hata roho inatembea.

— Octave, roho ya mutu aliye hai haitembee saa sita ya mchana.

— Unataka kusema nini?

Léocadie aliinua beseni lake haraka, nguo moja ikaanguka juu ya zile alama. Hakuna kati yao aliyeinama kuiokota.

Nyumbani alifunga mlango, akatoa barua zote chini ya godoro. Za mwaka wa kwanza aliziweka pembeni. Alipanga zile za kuanzia mwezi wa kumi na mbili, moja baada ya nyingine, kwenye mkeka penye jua la dirisha. Zilikuwa tisa. Zote karatasi moja, zote kalamu ya kopi, ile inayoacha rangi ya zambarau.

Alizisoma kama anasoma za mtu asiyemjua. Hakuna moja iliyojibu swali. Alikuwa amemwandikia kuhusu paa lililong'olewa na upepo, kuhusu posa yake na Octave, kuhusu Marguerite. Marcellin hakugusa chochote. Aliandika sinema, gitaa, samaki, viatu, na kusalimia.

Akainua ya mwezi wa kwanza ili aisome vizuri, na jua likaipiga kwa ubavu. Kwenye karatasi, kati ya mistari ya zambarau, akaona maandishi mengine yasiyo na rangi, yaliyochimbwa tu. Alisogeza jicho. Yalikuwa maneno ya barua ya mwezi wa kumi na mbili, neno kwa neno. Kwenye ya mwezi wa pili yalichimbwa maneno ya mwezi wa kwanza. Kwenye ya mwezi wa tatu, ya mwezi wa pili.

Alikaa chini.

Mtu alikuwa ameandika barua hizi juu ya daftari moja, ukurasa juu ya ukurasa, kwa kikao kimoja. Na kadiri alivyoendelea, mkono ulichoka. Ya kwanza ilisimama wima. Ile aliyoileta Hippolyte ilitambaa kama mdudu aliyelowana.

Moja tu haikuingia kwenye mnyororo ule. Ilifika mwezi wa tano, mwezi ambao karani wa posta alimpa mbili kwa siku moja, naye akafurahi bila kuuliza. Haikuwa na maneno yaliyochimbwa. Mkono wake ulikuwa wa nguvu, mkono wa Marcellin wa darasani. Ilikuwa fupi, na siku ile hakuona maana yake:

"Léocadie, Octave asikuje huku peke yake. Mimi nilikuja peke yangu."

Jumatano asubuhi alikwenda kwa Hippolyte, aliyefikia nyumba ya mjomba wake nyuma ya soko. Alimkuta ananyoa mbele ya kioo kilichotundikwa kwenye mti. Léocadie alitandaza kitambaa juu ya meza ya uani, akaweka zile barua.

— Yaya Hippolyte, alisema, akimwita kaka kama zamani, kaka yangu alikufa lini?

Wembe ulisimama kwenye shavu.

— Nani amekuambia maneno kama hiyo?

— Wewe. Saa ulimwaga chai.

Alifuta sabuni kwa kitambaa, taratibu sana, upande ulionyolewa na upande usionyolewa. Kisha akakaa chini, si kwenye kiti, chini kabisa, na viatu vyake vya rangi mbili kwenye vumbi.

— Mwezi wa kumi na moja, alisema. Kifua.

Léocadie alikuwa amejua tangu jana.

— Endelea.

— Alianza kukohoa baridi ya mwezi wa sita. Tulimwambia apumzike. Lakini mechi ilikuwa Jumapili, na Jumamosi tulikuwa bar, na Jumatatu kazi. Tulilala sita chumba kimoja. Alificha damu ndani ya leso. Siku alianguka uwanjani, munganga alisema imechelewa.

— Na hakuna mutu alitupasha habari.

— Kwenye karatasi ya kampuni aliandika mimi ndiye ndugu yake. Habari ilifika kwangu. Alitaka hivyo. Kule hospitali aliomba daftari, akaandika siku mbili, usiku na mchana. Akaniambia: "Tuma moja kila mwezi. Mama asijue mpaka Léocadie aolewe. Siku hiyo atakuwa na mutoto na mukwe pembeni yake, atabeba. Sasa akisikia yuko peke yake, atakufa."

— Mpaka niolewe, Léocadie alirudia.

— Ndiyo.

— Na wewe ukakuja kumuchukua mwanaume yangu kabla ya ndoa. Na mikanda ya mufu ndani ya mufuko.

Hippolyte aliinamisha kichwa.

— Club iliniambia nikileta Octave wataniweka capita, musimamizi wa kazi. Nilifikiri mwaka moja haitaharibu kitu. Na sikuongopa, Léocadie. Kila kitu Marcellin aliandika iko kule kweli. Maji iko. Sinema iko. Ule muji ni muzuri. Ni yeye tu hakukuwa tena ndani.

— Alitoa mikanda ngapi?

— Kumi. Nilituma saba kwa posta. Moja nilileta kwa mkono. Mbili ingali ndani ya valizi.

— Saba na moja ni nane.

— Ndiyo.

— Hesabu hapa.

Alihesabu kwa kidole. Akarudia. Kidole kilipofika kwenye ile fupi ya mwezi wa tano, kilisimama. Aliichukua, akaisoma, na Léocadie akaona rangi ikimtoka usoni kama maji yanayonywewa na mchanga.

— Hii sikutuma mimi, alisema.

— Ni mkono yake.

— Ni mkono yake. Lakini siku ile ya mwisho hakuweza hata kushika kijiko. Na mwezi wa tano... Léocadie, mwezi wa tano ndiyo club ilianza kutaja jina la Octave. Mbele ya hapo hakuna mutu aliwaza.

Aliiweka haraka mezani kama kitu cha moto. Akainuka kwenda kuleta zile mbili zilizobaki. Alifungua valizi, sanduku lake la safari, pale pale mlangoni, mikono ikihangaika, na pamoja na bahasha ikatoka karatasi iliyopigwa mashine, ikaanguka miguuni pa Léocadie.

Aliiokota. Jina la Octave. Mahali pa hali ya ndoa, neno moja: célibataire, asiye na mke. Chini, sahihi yake, ile yenye mkia mrefu aliyoitumia kwenye barua zake za mapenzi. Tarehe ilikuwa ya Jumapili.

Jumatatu alimwambia hajasaini.

Alikuwa bado ameishika karatasi ile wakati Octave alipoingia uani, anapiga mluzi, na picha mbili ndogo mkononi.

— Hippolyte, picha za pasipoti ziko—

Akamwona. Mluzi ukafa.

— Jumapili, Léocadie alisema. Baada ya misa ama mbele ya misa?

— Léocadie.

— Ninauliza.

— Baada.

— Kwa hiyo Jumatatu pale uwanjani uliniongopea.

— Niliogopa utalia. Nilisema nitakuambia Alhamisi, Bwana wa territoire, mukubwa wa wilaya, akishapiga muhuri, hakutakuwa na kurudi nyuma.

— Na hapa umeandika hauna mutu.

— Ni neno ya karatasi tu.

— Mimi ni mutu wa karatasi?

Octave aligeuza macho pembeni. Ndipo alipoziona barua mezani, na Hippolyte aliyenyolewa upande mmoja, na macho yake mekundu.

— Kuna nini hapa?

— Marcellin alikufa, Hippolyte alisema. Mwezi wa kumi na moja.

Picha zilimtoka Octave mkononi, nyuso mbili zake zikalala chini zinaangalia juu.

— Basi nani anadundisha mupira kule? alisema, na hakuwa anamuuliza yeyote.

Léocadie alimwekea Octave karatasi yake kifuani, akaisukuma mpaka akaishika. Alikusanya barua, akachukua na zile mbili za valizi, akatoka. Alitembea mpaka nyumbani bila kulia. Mama yake alikuwa mlangoni anachagua mchele.

— Mama...

— Ninajua, alisema Mama Marcellin, hakuinua macho. Nilijua siku alimusalimia Marguerite mara ya kwanza. Niliwaza ni wewe hujajua bado. Nilikuwa ninakungojea uolewe ndiyo nikuambie.

Léocadie akaanguka magotini mwake, sinia ya mchele ikapinduka, na hapo ndipo sauti ilipotoka. Majirani walisikia, wakaja mmoja mmoja, na kilio kikaanza.

Zile barua mbili zilizofungwa, Mama Marcellin alizifunga kwenye pindo la kitenge chake. Alipoulizwa kama zisomwe, alisema tu kwamba ni zake.

Octave hakupewa nafasi ya kusema siku zote tisa za kilio. Lakini alikuwepo. Alipasua kuni, alichota maji, alilala nje na wanaume kwenye majani. Alhamisi ile, watu waliokuwa ofisini walimwona akiingia kwa Bwana wa territoire na kuomba karatasi yake irudishwe kabla ya muhuri. Walisikia makelele ya Mzungu mpaka barabarani. Alitoka nayo imekunjwa, masikio mekundu.

Siku ya kumi alikwenda moja kwa moja kwa mama, akapiga magoti. Léocadie alikuwa nyuma ya pazia, na mama alijua yuko pale.

— Unataka nini, mutoto wangu?

— Mama, ninataka Léocadie.

— Na nini tena?

Octave alianza kukunja pindo la shati lake.

— Sema yote. Sisi tumechoka na mikanda ya uongo hapa.

— Ninataka Elisabethville, Octave alisema kwa taabu. Hata sasa. Nimejaribu kuacha kuitaka, imekataa. Kampuni ya dhahabu ilituma mutu tena jana. Nitaenda Salamabila kama Léocadie anasema Salamabila. Lakini hamutasikia kwangu kwamba moyo yangu iko kule.

— Hiyo ndiyo neno ya kwanza ya kweli umesema mwezi huu, alisema mama. Léocadie, toka huko nyuma.

Léocadie alitoka. Walikuwa hawajaangaliana siku kumi.

— Uliniuzisha kwa sinema, alisema.

— Ndiyo.

— Kama uliniambia Jumapili, ningelia. Ningelia Jumapili na Jumatatu. Jumanne tungeongea.

— Ninajua sasa.

— Haujui. Mimi nilibaki pale na karatasi yako na mikanda ya yaya, siku moja, saa moja. Hukukuwa upande wangu. Ulikuwa upande wa valizi.

Machozi yalimshuka Octave, akayaacha. Léocadie alimwangalia mpaka hasira yake ikapata mahali pa kukaa.

— Yaya ameandika usiende peke yako, alisema hatimaye. Hakuandika usiende.

— Unasema nini?

— Ninasema tutaenda. Niko na kaka amelala kule kwenye udongo ambao hakuna mutu wetu amekanyaga. Lakini utaandika karatasi mupya, na jina langu iko ndani. Na ndoa kwanza, gari-moshi nyuma. Na nyumba, si chumba ya watu sita. Wakikataa, uko na Salamabila, na mimi niko na wewe Salamabila, na hautalalamika juu ya mbuzi.

— Na mama?

— Pascaline, mutoto wa Marguerite, atakuja kukaa na mimi, alisema Mama Marcellin. Tumeshaongea. Mukipata mahali, mutaniita. Nimesikia habari ya ule muji miaka mbili. Na mimi ninataka kuona hiyo maji ya ukuta.

Hippolyte ndiye aliyepeleka simu ya waya. Hakudai tena cheo, na hakuna aliyemwambia amesamehewa. Aliandika: OCTAVE ANAKUJA NA BIBI AU ANAENDA KAMPUNI YA DHAHABU STOP NYUMBA YA WENYE NDOA SASA STOP. Jibu lilikuja baada ya siku nne, siku tatu kati ya hizo Octave hakula vizuri: TUNAKUBALI STOP NYUMBA IKO STOP AFIKE MBELE YA MWEZI WA KUMI STOP.

Walioana mwisho wa mwezi wa nane, bila ngoma kwa sababu ya msiba. Léocadie alivaa gauni alilolishona mwenyewe kwa masista. Padri alipouliza kama kuna anayejua kizuizi, kanisa lote lilinyamaza, na Octave akamshika mkono kabla ya kuambiwa.

Safari ilichukua siku nyingi. Walipita kwenye miti iliyobadilika, na lugha zilizobadilika, na Octave aliyekuwa na maneno mengi Kasongo aliishiwa maneno kadiri walivyokaribia. Léocadie ndiye aliyeuliza majina ya stesheni.

Elisabethville waliingia saa kumi na moja jioni. Dereva wa kampuni alikuwa anawangoja na kamio ndogo, mtu mnene, mchangamfu.

— Octave? Karibu. Na bibi, karibu. Tulifikiri mutafika kesho, lakini ndugu yenu alisema ni leo.

— Ndugu gani? Octave aliuliza.

— Ndugu ya bibi. Alikuja magasini, pale stoo yetu, saa sita ya mchana kuchukua ufunguo. Mutu murefu sana. Nilimupa, kwa sababu alijua majina yenu yote mbili.

Hippolyte alikuwa amebaki Kasongo. Hawakuwa na mtu mwingine katika mji ule.

— Alitaja jina lake? Léocadie aliuliza.

— Hapana. Alisema tu anaenda kuwatengenezea.

Kamio ilipita kwenye barabara ndefu yenye miti pande zote, watu wakitembea na nguo safi, muziki ukitoka mahali fulani nyuma ya ua, na harufu ya samaki wa kukaanga. Yote yalikuwepo, kama yalivyoandikwa.

Nyumba ilikuwa ya mwisho, ya matofali, ndogo. Dereva alishusha sanduku lao, akaaga. Mlango ulikuwa wazi na ufunguo ukining'inia kwenye tundu lake. Ua ulikuwa umefagiliwa, mistari ya ufagio bado mibichi, na hakuna nyayo juu yake kuingia wala kutoka. Ndani, walivyoona kutoka njiani, kwenye jiko la mbabula makaa yalikuwa mekundu. Sufuria ya maji ilikuwa juu yake, inachemka.

Octave alisimama ukingoni mwa ua.

— Léocadie, turudi. Tutapanga mahali pengine. Hata chumba ya watu sita.

Léocadie alivua viatu, akavishika mkononi. Alivuka mistari ile ya ufagio, na nyayo zake zikawa za kwanza. Kizingitini alisimama, akaangalia kile chumba kitupu, pembe zote nne, taratibu.

— Tumefika, yaya, alisema. Mama anakusalimia.

Alingoja kidogo. Kisha akamgeukia mume wake, akamnyooshea mkono.

— Kuja uoge. Maji itapoa.